Nzi Waliobaki Chini

5 Machi

Mke wangu Kibiriti,

Kwanza salamu, halafu matusi, maana ukianza na matusi mtu haendelei kusoma. Mimi mzima. Meno ya kutafunia yaliondoka, yamebaki ya kukutabasamia tu. Sikio la kulia lilikufa mwaka jana, na la kushoto linamfuata mwenziwe kaburini, kwa hiyo usihangaike kunipigia simu. Simu kwangu ni kipande cha sabuni kinachotetemeka. Andika. Macho bado yananitii.

Baba yako ameniambia kwamba kazi uliyoipata huko ni ya kufuga nzi. Nilidhani nimesoma midomo yake vibaya, nikamwambia arudie. Akaniandikia ukutani kwa penseli yake ya kupimia: NZI. Mjukuu wangu! Umesoma mpaka miwani imekuwa minene kama kitako cha chupa, halafu wakakupa nzi? Sisi hapa tunawafukuza bure, wala hatukwenda chuo. Ungesema ningekutumia wa jikoni kwangu. Wamenona, na hawaogopi mtu.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu baba yako akaongeza kwamba nzi wenyewe ni wagonjwa, wana mabawa ila hawawezi kuruka. Hapo kicheko kikanikwama.

Sasa nikwambie la hapa, ingawa mwenyewe hataki nikwambie. Mikono ya baba yako haipandi. Huyu huyu waliyempa jina la Ngazi, fundi aliyekuwa akipaka dari ya ukumbi mzima bila kushuka kunywa maji! Brashi ikifika usawa wa kifua inasimama, naye anajifanya anaangalia kama rangi imeshika. Majuzi tulipewa kazi ya darasa la shule. Yeye akapaka kuta mpaka usawa wa kidevu, juu nikapanda mimi mzee wa kuzikwa, na yeye chini akanishikia ngazi. Mwalimu mkuu akauliza, "Hapa nani baba, nani mtoto?" Nikamjibu, "Mtoto ni mimi, nilinyimwa maziwa." Watu wote wakacheka. Baba yako hakucheka.

Akivua shati naona. Mifupa ya mabega imetoka nje mgongoni, imesimama kama mabawa ya kuku aliyenyonyolewa. Bibi yako alikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa namtania kwamba nimeoa malaika, nikimsihi asiruke kabla hajapika. Kumbe mabawa yale yalikuwa yanamla. Alianza kwa kushindwa kujichana nywele, akaishia kushindwa kujilisha.

Mimi ugonjwa huo sina. Upande wetu sote ni punda. Ndoo ya rangi kila mkono, napandisha ghorofani mpaka leo, na watu wananisifu. Natamani wanyamaze.

Basi niambie, hao nzi wako wana nini? Na mmewapa dawa gani?

Mumeo mkongwe,
Babu

2 Aprili

Mume wangu usiye na meno,

Matusi yamefika, salamu nimezitafuta sijaziona.

Nzi wangu si wa jikoni kwako. Ni wale wadogo wa matunda, wanaozunguka ndizi iliyoiva kupita kiasi. Tunawafuga kwenye chupa, chini tumewawekea uji mzito wa unga na sukari, na wanazaana kuliko wewe ulivyokuwa ukijisifu. Tukitaka kuwaangalia tunawalaza kwanza kwa hewa maalumu, halafu tunawapanga kwa kijibrashi chembamba. Kwa hiyo usinicheke, hata mimi nashika brashi. Damu haipotei.

Kifua chote cha nzi ni msuli. Bawa linapiga zaidi ya mara mia mbili kwa sekunde moja, na msuli wa kufanya hivyo, ukiuweka chini ya hadubini, ni mzuri Babu, mistari imenyooka imepangana kama matofali ya fundi asiyelewa. Hawa wangu wamezaliwa na badiliko dogo kwenye jeni moja. Jeni ndiyo maagizo ambayo mwili unayafuata kujijenga, na mtoto huyarithi kwa wazazi na makosa yake yote. Nzi akiwa bado amejifungia kwenye ganda, msuli unajengwa vizuri tu. Akitoka na kuanza kuutumia, unavuta na kushindwa kuachia. Unavuta, unavuta, mpaka unajichana wenyewe. Wengine mabawa yao yanabaki yamesimama juu, hayashuki tena.

Kuwapima tunawamimina kutoka juu ya bomba refu la kioo lililopakwa mafuta kwa ndani. Mwenye nguvu anaruka ananasa juu. Mdhaifu ananasa katikati. Wangu wanakwenda moja kwa moja mpaka chini.

Dawa hatuna. Tunaangalia tu, tujue kinachoharibika ni kipi na kwa nini. Lakini sikiliza ajabu iliyomchekesha Profesa wangu, mama ambaye sijawahi kuona meno yake. Tumepata nzi wenye badiliko la pili juu ya lile la kwanza. Hilo la pili linaunyima msuli nguvu ya kuvuta. Na msuli wao haujichani! Umebaki mzima, mistari yote ipo. Usipovuta, unadumu. Nilikaa kwenye hadubini mpaka shingo ikakakamaa, kwa furaha. Bombani bado wanaanguka, ila hayo nitakueleza siku nyingine.

Mpeleke Baba hospitali kubwa kwa daktari wa misuli. Mwambie asinikasirikie kwa kujua. Na unisamehe mwandiko, nimeandika nimeegemea.

Mkeo mdogo,
Kibiriti

18 Aprili

Mke wangu,

Ndiyo tabu ya wasomi. Mnaandika "dawa hatuna", kisha mistari miwili mbele mnaitaja dawa yenyewe na hamjui mmeitaja. Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka imelegea mikunjo. Nimeelewa. Usinieleze zaidi, nitachanganyikiwa.

Baba yako tumempumzisha. Kazi za rangi nimezikataa zote, na mwenye duka aliyetaka kubishana nimemwambia akapake kwa ulimi. Hospitali tutakwenda, ila kwanza tupumzike.

Nimelala vizuri juzi na jana. Mwambie huyo Profesa kwamba kama ni mjane, kuna mzee mmoja anajua kuchekesha.

Babu

9 Mei

Mume wangu,

Barua fupi namna ile kutoka kwako! Nilidhani umeoa mwingine.

Nimefurahi kusikia Baba ameacha kupanda ngazi. Nilikuwa nikiota anaanguka. Mpumzishe, Babu, usimsikilize akisema amechoka kukaa. Unamjua, akiona ukuta mchafu vidole vinamwasha.

Ila nimempigia simu wiki nzima haipokelewi. Inaita mpaka inakata. Je, amenikasirikia?

Huku salama. Profesa ameniondoa kwenye kazi ya kubeba trei za chupa, amenipa ya kukaa na hadubini tu. Ananidekeza, sijui nimemfanyia nini. Ndani ya bahasha nimeweka picha aliyonipiga mwenzangu wa maabara nikiwa kazini. Sura haionekani, nimeinamia hadubini, lakini huo mgongo wenye koti jeupe ni wangu. Muonyeshe Baba aone mwanawe anavyofanana na daktari.

Kibiriti

14 Juni

Mke wangu Kibiriti,

Picha imefika. Umekonda. Nzi wanakula wewe hauli?

Uliuliza kwa nini simu haipokelewi. Haipokelewi kwa sababu mpokeaji amefungwa. Tulia, si polisi. Nimemfunga mimi.

Ulisema usipovuta, unadumu. Basi nilichana lile shuka la maua ya bluu, uliloliunguza kwa pasi ukaniambia ni panya, nikapata vitambaa vipana. Kila asubuhi namkalisha kitini, namkunja mikono kifuani kama mtu anayebishana, halafu nazungusha: mgongoni, kifuani, mgongoni tena, fundo begani. Analala hivyo hivyo. Havuti chochote, hata kikombe. Nilidhani atanipiga teke siku ya kwanza. Akaniangalia tu, akakaa.

Kumlisha namlisha mimi. Kumnyoa namnyoa mimi, na siku moja nilimwachia sharubu upande mmoja mpaka jioni ili nimwone akicheka. Alicheka. Nzi akimtulia puani namfukuza mimi, namwambia, "Huyu katumwa na binti yako kuja kukagua."

Nesi wa jirani, yule mwenye viatu vya raba, aliingia kuazima kisu akamkuta vile. Akapiga kelele mpaka sikio lililokufa likafufuka. "Mzee, unamuua mtu!" Nikamwambia, "Wewe kazi yako kuchoma watu sindano za matako, usinifundishe habari za mabega. Mjukuu wangu ana hadubini." Akaondoka bila kisu.

Ila kuna jambo nataka ulijibu kama msomi, si kama mtoto wetu. Jumapili nilimfungua nimwogeshe. Nikaushika mkono wake juu ya kiwiko, na vidole vyangu vikakutana. Zamani havikukutana. Na nikiugeuza, naona usoni kwamba bega linamuuma, ingawa anageukia dirishani. Mimi nadhani ndivyo msuli unavyojipanga upya. Ukuta wenyewe huwa tunaukwangua kwanza rangi mbovu, unakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa, ndipo tunapaka nzuri. Na nzi huwa hivyo? Wanakonda kwanza?

Jibu upesi.

Babu

26 Juni

Babu,

Mfungue. Weka barua hii chini hapo ulipo, nenda ukamfungue, ndipo urudi kusoma.

Umemfungua?

Babu, nzi yule haruki. Sikukueleza, nilisema siku nyingine. Msuli wake ni mzuri kwa jicho langu tu, kwenye kioo, akiwa amekwisha kufa. Akiwa hai hauna kazi. Tukimmimina bombani anaanguka chini kama wenzake, hana hata nafasi moja ya kunasa katikati. Tulichojifunza kwake ni kwamba msuli unaharibiwa na mvuto wake wenyewe. Hatukujifunza kuponya mtu. Mwili wa Baba si wa nzi, na ugonjwa wake wala si ule ule. Yeye mkono usipotumika unakauka, na bega linaganda.

Kosa ni langu. Nilikuandikia furaha yangu, nikakuachia wewe usome maana yake.

Mwite huyo Nesi, muombe radhi, hata kwa magoti. Aje amkunjue polepole. Msimlazimishe asubuhi. Asubuhi bega huwa zito kama limejazwa mchanga, unalinyanyua kwa mkono wa pili mpaka lipate moto. Ndivyo wanavyosema vitabuni. Maji ya uvuguvugu, kisha atikise kidogo kidogo. Nimewaomba hospitali wampokee, nimewapa jina lake. Mpeleke wiki hii.

Nimeomba ruhusa nije. Nitakuja wakinikubalia.

Mjukuu wako

20 Julai

Mjukuu wangu,

Nimemfungua. Barua niliiweka chini pale pale ulipotaka, juu ya kopo la rangi, ikapata doa. Nilikuwa nimelifunga fundo vizuri mno, ilibidi nilikate kwa kisu kile ambacho Nesi hakukichukua.

Vitambaa vilipoanguka, mikono nayo ikaanguka, ikakaa mapajani. Nikamwambia, "Inua." Akaniangalia. Nikamwambia tena, "Inua kidogo nione." Nikasoma midomo yake: "Nimeinua, Baba."

Nesi tulimwita. Sikupiga magoti, yamekataa, lakini nilimbebea mkoba wake mpaka ndani. Anakuja kila siku. Anamshika kiwiko anakipeleka mbele, nyuma, mbele, na mimi nakaa pembeni nashika bakuli la maji ya moto kama mtoto aliyetumwa. Hanisemi. Angenisema ningepata cha kujibu.

Hospitali tulikwenda. Daktari ni kijana, ana kalamu tatu mfukoni. Aliniandikia kwa sababu ya masikio yangu. Kaandika kwamba mikono ingeondoka hata hivyo, lakini ingechukua miaka, na mwanangu angeizoea hali hiyo. Kaandika kwamba sehemu ndogo ya nguvu itarudi na kubwa haitarudi. Nikamwomba karatasi ile. Akasema ya nini? Nikamwambia nataka kufungia tumbaku. Uongo. Nimeiweka kwenye viatu vya kwendea msibani.

Nzi wako wana bahati, hawana babu.

Usije. Ruhusa yako itunze. Ukija sasa utanikuta sina uso.

Kitu kimoja tu nataka kujua. Wale wanaobaki chini ya bomba, mkishawahesabu, mnawafanya nini?

Babu

11 Agosti

Mwanangu,

Mimi si mtu wa barua. Naandika karatasi ikiwa pajani, mkono umelala, vidole bado ni vyangu. Babu yako anadhani nachora.

Ameacha kutania. Anapika, anafagia, anakaa. Juzi mwenye duka alimwita mzee wa kamba, makusudi, apate jibu, naye akapita tu. Nyumba imekuwa kama haina mtu.

Nataka ujue jambo, usije ukamlaumu. Nilijua. Tangu siku ya kwanza anakuja na vile vitambaa nilijua havitasaidia. Mama yangu mwaka wake wa mwisho alilala kitandani, alipumzika kuliko mtu yeyote, na tulimzika. Sikuhitaji nzi kunifundisha. Lakini ungemwona mzee. Tangu mama afe sijamwona akiamka hivyo, ana kazi, ana haraka, ananiimbia kwa sauti ya kiziwi. Nikasema acha anifunge. Mikono ilikuwa inaondoka, nilidhani ni afadhali iondokee kwake. Sikujua itaondoka upesi namna hii. Hilo ni langu na yeye. Wewe usilibebe, wala usiseme kosa ni lako. Ulichoandika kilikuwa kweli.

Sasa la pili.

Nimepaka kuta maisha yangu yote. Kitu kikitoka nje ya mstari nakiona hata nikiwa mlangoni. Kwenye ile picha koti lako limesimama mgongoni, upande wa kulia, kama limetundikwa msumarini. Nilijiambia ni mkunjo wa nguo. Halafu ukaandika habari za bega la asubuhi, mchanga, kulinyanyua kwa mkono wa pili. Babu aliniletea barua nisome. Mwanangu, hakuna kitabu kinachosema mchanga.

Usinijibu habari za nzi. Nijibu lini ulishindwa kujichana nywele.

Baba

3 Septemba

Baba,

Januari, siku ya Jumapili. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, kitana kikafika sikioni kikakataa kupanda. Nilidhani nimelalia mkono. Nikainamisha kichwa, nikazipeleka nywele kwenye kitana badala ya kitana kwenye nywele. Mpaka leo najichana hivyo. Kila mwisho wa wiki nasema nitazinyoa, nafika mlangoni kwa kinyozi narudi.

Profesa anajua. Alijua siku nilipodondosha trei, chupa zikavunjika, nzi wakatapakaa mezani wakitembea. Hakugomba. Kesho yake akaanza kuzibeba yeye, mama mzima na miwani yake. Alinisindikiza kupimwa damu. Ni ile ya Bibi. Bega la kushoto bado, ila daktari anasema litafuata.

Ndiyo maana nilifurahi vile nilipouona ule msuli mzima. Sikuwa nafurahi kama mtaalamu, Baba. Nilifurahi kama mtu aliyesikia mlango unabishwa. Na nikamwandikia Babu nikiwa hivyo.

Babu aliniuliza wanaobaki chini tunawafanya nini. Sijamjibu. Tunawatupa kwenye spiriti. Majuzi sikuwatupa upesi, nikakaa nikawatazama. Hawaruki, lakini miguu yao ina msuli mwingine, mzima kabisa. Wakaanza kupanda kioo kwa miguu. Kuna mafuta, wakateleza. Wakaanza tena. Nilizima taa nikaondoka, na asubuhi wenzangu walinilaumu kwa kuacha bomba chafu.

Usimwambie Babu. Mimi ndiye mtu pekee aliyebaki ambaye yeye anamtania akidhani hana ugonjwa. Akijua, hatakuwa na wa kumtukana.

Mwanao

22 Novemba

Mke wangu Kibiriti,

Leo naanza na matusi, salamu mbele kidogo, maana mmenidharau. Wewe na baba yako mnaandikiana barua ndani ya nyumba yangu mkidhani mimi ni kipofu. Mimi ni kiziwi. Jifunzeni tofauti.

Sijafungua barua ya mtu. Yako ilipofika baba yako aliisoma, akaikunja, akakaa akiutazama ukuta mtupu kama anausubiri ukauke. Kisha akanigeukia: "Baba, mama alikuwa akijichanaje?" Sasa mwenye upara kama ule anauliza habari za kujichana kwa ajili ya nani?

Lakini nilijua kabla yenu. Bahasha yenye picha niliipokea mimi kwa mtu wa posta. Nimelala nyuma ya mgongo ule miaka mingi, mgongo wa bibi yako, nitausahauje kwa sababu umevaa koti? Niliiweka mezani, nikaenda kukaza mafundo ya baba yako. Shuka lilikuwa limeanza kulegea, na moyo wangu vilevile, nilikuwa karibu kumfungua siku ile. Nikakaza. Yeye alidhani namponya yeye. Nilikuwa namponya, ni mwanangu. Lakini nilitaka pia ifanye kazi kwake kabla zamu yako haijafika. Mikono yake niliitumia kama wewe unavyotumia nzi, nimimine nione atanasa wapi.

Hilo silitanii. Nimelisema, usilijibu.

Sasa nyumba. Nimeteremsha kila kitu. Misumari ya kutundikia, kioo, rafu za jikoni, kamba ya nguo, swichi za taa, vyote viko usawa wa kiuno. Mwenye duka alipoingia akauliza kama tumehamiwa na mbilikimo. Nikamwambia hapana, tumehamiwa na malaika, wana mabawa hawana mikono. Nilimwona anacheka, na nikamtukana mama yake kidogo, kwa hiyo unaona naendelea vizuri. Baba yako anakaa kitini ananielekeza kwa kidevu: chini, chini tena, mzee umepinda. Fundi ni fundi. Kikombe anakifikia sasa, kiwiko kikiwa juu ya meza, mdomo ukishuka kukifuata. Kama atafika zaidi ya hapo, Nesi simwulizi.

Vioo ni viwili. Cha pili kiko chumbani kwako, usawa wa mtu aliyekaa. Njoo ukitaka, usipotaka usije, hakili wala hakinywi.

Kwenye kifurushi hiki kuna kitana. Nimekifunga kwenye mpini wa brashi ya baba yako, ile ndefu ya pembe za dari, nikaukunja kidogo kwa moto. Unakaa, unaweka kiwiko mezani, kitana kinakwenda chenyewe mpaka kisogoni. Nimekijaribu kwa baba yako, tukazichana nywele zake zote tatu. Bibi yako mwishoni nilikuwa namchana mimi, nikimvuta ananitukana hadi majirani wanatoka nje. Wewe jichane mwenyewe, na matusi niletee kwa barua. Usiniache bila.

Kina harufu ya rangi kidogo, itaisha. Kikiwa kirefu, kata. Kikiwa kifupi, niandikie. Mipini ninayo mingi, ya brashi ambazo hapa hakuna anayezipandisha tena.

Salamu,
mumeo